Kuku Aliyekula Kaya za Bondeni

Ramani ilikuwa wazo langu, na ni vizuri niliseme hilo mapema kabla sijaanza kumlaumu kuku.

Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mgeni wa miezi miwili katika kijiji kimoja cha Mbozi, ukishapita Ihanda. Mtoto wa Tunduma mimi. Nimekulia mpakani, mama yangu akiuza vitenge kwa Wazambia, na kwetu ukichelewa kujibu unaulizwa kama umelala. Watu wa huku kwenye kahawa hawana haraka hiyo. Wanakusalimu, wanauliza umeamkaje, wanauliza habari za nyumbani, wanauliza kama kwenu mvua imenyesha, ndipo waseme walichokuja kusema. Wengine huondoka bila kukisema kabisa, wakakuachia ukitafute mwenyewe. Miezi ile ya mwanzo walinichosha, sitaki kudanganya. Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu nabamiza mlango. Waliniita Mama Maendeleo, na mtoto sikuwa naye hata mmoja.

Halmashauri ilikuwa imetuletea kazi: kila kijiji kikae chini, wananchi wenyewe waseme mvua na ukame vinawaumiza wapi, kisha wachague jambo moja la kuanzia, liingie kwenye mpango wa wilaya. Jambo moja tu. Kwetu mambo yalikuwa mawili, na kila mtu aliyajua. Kuna barabara ya juu inayopita kwenye mashamba ya kahawa, ambako malori yalikuwa yakizama kwenye tope kila msimu. Wenye kahawa walitaka karavati. Na kuna kijito cha chini. Zamani, waliniambia, hata katikati ya mvua mtu alikivuka kwa kukunja sketi tu. Siku hizi mvua inakawia mpaka watu wanakata tamaa, halafu inakuja yote kwa mkupuo, na kijito kinabeba magogo, kinabeba mbuzi, kinakaa siku na siku hakipitiki. Waliokaa ng'ambo walitaka kivuko cha miguu.

Kitongoji cha ng'ambo kinaitwa Bondeni. Kahawa huko haistawi, ardhi inatuama maji. Ndiko walikoishia wajane, vijana waliorithi vipande vilivyobaki, na familia zilizohamia kutoka huko Mbangala wakati ardhi ya juu imeshagawanywa. Zahanati, shule, kanisa, ofisi, vyote viko upande wa huku. Mimi Bondeni nilikuwa sijafika. Nilikuwa na raba nyeupe, na tope la kule nilikuwa nimelisikia sifa zake. Sababu ni hiyo, sina nyingine.

Basi asubuhi moja ya Desemba nikawakusanya watu uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, tukachora kijiji chini. Majivu yakawa barabara na njia. Tofali likawa shule, jingine kanisa. Kanga ya bluu ya mke wa mwenyekiti wa kijiji tukaitandaza iwe kijito, naye akalalamika kwamba tunaikanyaga. Kisha kaya. Nikasema kila kaya yenye kahawa iweke punje ya kahawa kavu, ile yenye ganda lake. Kaya isiyo na kahawa iweke punje ya mahindi. Kwa jicho moja, nikajiambia, mtu ataona nani ana nini na mafuriko yanampata nani. Nilijiona mjanja hasa. Nakumbuka hata nilipiga picha kwa simu mwanzoni kabisa, kabla punje hazijawekwa, picha ya majivu na kanga, isiyo na faida yoyote.

Wanawake wa Bondeni walikuja wengi siku ile, maana maji yalikuwa bado chini. Walipiga magoti wakajiweka mmoja mmoja.

"Hapa ni kwangu."

"Sogeza huko, umenijengea kijitoni!"

"Si ndiko unakoishi?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka kijijini pale.

Mmoja wao alikuwa bibi mwembamba aliyevaa buti za mvua za mwanamume, kubwa, zinapiga kelele anapotembea. Zilikuwa za marehemu mume wake. Aliishi peke yake ukingoni mwa Bondeni, na mwenyekiti aliniambia kwamba msimu uliopita alikwama ng'ambo siku tisa bila dawa zake za presha. Bibi huyo alikuja na kuku kwapani, mtetea wa rangi ya udongo, amefungwa miguu kwa ukambaa wa mgomba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hatujakukaribisha. Huyu ni wako."

Mgeni kupewa kuku mzima, hilo nililijua. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru vizuri. Nisilolijua ni nusu ya pili ya desturi: kuku akishakabidhiwa ni wa mgeni, na mtu mwingine hamgusi, hamfukuzi, hamwambii hata shi. Akipanda mezani, aliyepewa ndiye amtoe. Mimi nilimlaza kando ya ukuta nikamsahau.

Mwenyekiti akasema tule kwanza, wingu linakuja. Tukaingia ofisini, ugali na maharage, maneno mengi. Tulipotoka nilikuta mawingu yameshuka kabisa. Nikatandaza karatasi ya manila juu ya benchi, nikaanza kunakili mbiombio. Barabara, shule, kanisa, kahawa, kahawa, kahawa. Nilipofika upande wa Bondeni nikakuta njia za majivu, kanga, basi. Peupe.

Niliona. Miaka imepita na bado najiambia labda sikuona, lakini niliona. Kalamu ilisimama hewani. Nikafikiri, ah, labda kaya zao ni chache, labda zimeingia huku karibu na shule. Ningekuwa nimewahi kufika kule hata mara moja nisingefikiri upuuzi huo. Tone likanidondokea shingoni, nikakunja karatasi.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na wenzake wawili. Aliitazama ile manila nikiikunja.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Haya."

Wakaondoka wakiwahi kijito. Kuku naye sikumwona. Nilidhani wamempeleka jikoni.

Manila ikabandikwa ukutani ofisini. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa baada ya wiki, na siku inayofuata gari la wilaya lingekuja kuchukua mpango. Mwenyekiti, mzee mcheshi mwenye kahawa yake nzuri huko juu, alisimama mbele ya ramani akaiangalia kwa muda. Karavati lilikuwa limezungukwa na kaya tele. Kivuko kilikuwa hakina hata moja upande wa pili.

"Naona jibu limejileta lenyewe," akasema, akiniangalia usoni.

"Ndivyo ramani inavyosema, Mwenyekiti," nikamjibu, tena kwa sauti ya kitaalamu. Loo! Nikikumbuka sauti ile natamani kujizaba kofi.

Siku mbili kabla ya mkutano ukaja ujumbe kutoka kwa Bibi: kuku wako amerudi huku alikotoka, uje umchukue. Nikapandwa na hasira. Kwani ameshindwa kumpa mtu amlete? Mimi nina ripoti ya kuandika, nikavuke maji kwa ajili ya kuku? Mwenyekiti aliniacha nikafoka mpaka nikaishiwa maneno.

"Kuku wako hakuna atakayembeba," akasema. "Nenda, Mama Maendeleo. Buti chukua zangu."

Kivuko cha siku zile kilikuwa miti miwili ya mkaratusi iliyolazwa, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanailamba kwa chini. Sikuivuka kwa miguu. Niliivuka kwa makalio, nimekaa mguu huku mguu kule, nikijisogeza kidogo kidogo na kusali, huku mama mmoja aliyebeba ndoo ya mahindi kichwani akinisubiri kwa adabu upande wa pili bila kucheka. Nilipomaliza akapanda yeye, akapita na ndoo yake, wima.

Nikapandisha kale kamlima ka ng'ambo, nikatazama.

Moshi. Moshi kila mahali. Nyumba za nyasi, nyumba za bati, bustani za mboga, nguo kwenye kamba, watoto wanakimbizana na gurudumu. Nikaanza kuhesabu. Nilifika thelathini na moja nikaacha, kwa sababu nyumba zilikuwa bado zinaendelea nyuma ya migomba. Watu wote hawa sikuwa nao kwenye karatasi. Hata mmoja.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ya mwisho. Kuku wangu alikuwa mlangoni, ametulia, hana habari. Bibi akanitolea kigoda, akauliza nimeamkaje, akauliza habari za mama yangu Tunduma, akauliza kama huko mvua imenyesha. Safari hii nilijibu yote bila haraka kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ukumbi. Kulikuwa na sufuria zimefungwa kwenye kitenge. Kulikuwa na mbegu za mahindi kwenye mfuko, na blanketi limekunjwa na kufungwa kamba.

"Bibi, unasafiri?"

"Si tunahama?"

"Mnahama kwenda wapi?"

"Wewe ndiye utuambie, mwanangu. Nilitaka kukuuliza siku ile, nikaona una haraka." Akanionyesha kwa kidevu kaburi lililokuwa kando ya migomba, limefagiliwa, lina msalaba wa mbao na maua ya njano yamepandwa kulizunguka. "Huko mnakotupeleka, na mzee ana nafasi? Au yeye anabaki?"

Sikumwelewa. Naapa sikumwelewa. Ilibidi anieleze polepole, jinsi mtu anavyomweleza mtoto. Kuku alifungua ukambaa wakati tunakula. Alikwenda moja kwa moja Bondeni, kwenye mahindi. Alianza na nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, akamla jirani, akawala wajane wote, akaja akamla Bibi mwenyewe. Kahawa hakuigusa, kuku gani anakula kahawa? Wanawake walikuwa wakitazama. Kisha nilitoka mimi, nikatazama, nikachukua kalamu, nikachora kijiji bila wao.

"Tukasema, haya, serikali imeamua. Bondeni pana maji, watatuondoa. Tukaja nyumbani kujiandaa."

"Bibi! Mbona hamkusema?" Sauti ilinitoka kubwa mpaka kuku akaruka. "Mnamwona kuku anakula, mnanyamaza! Mtu mmoja tu angesema shi!"

"Kuku alikuwa wako," akasema. "Na kalamu ilikuwa yako."

Nililia. Nilikaa pale kwenye kigoda na buti za mwenyekiti, nikalia kwa kwikwi. Nililia kwa aibu, na nililia kwa sababu mwanamke huyu alikuwa amefunga sufuria zake kwa siku tano akisubiri kuambiwa aliache kaburi la mume wake, wala hakunichukia. Aliniita ili aniulize tu. Tena alinivutia kwa kuku, kwa kuwa aliona mtaalamu mwenye haraka hawezi kuitwa kwa swali. Bibi alinisugua mgongo. Halafu nikasikia mgongo wake yeye unatikisika, nikadhani analia pia. Kumbe anacheka.

"Ila alishiba, huyu," akasema. "Usiku ule hakugusa chakula."

Nilirudi na hasira mpya, ya kunihusu mimi. Nilitaka kubandua manila usiku uleule, lakini mwenyekiti alikuwa na ufunguo. Kesho yake nilimweleza yote. Alishika kiuno, akacheka, kisha akaacha.

"Nilimwona yule kuku," akasema. "Nilidhani umemwachia makusudi. Nilidhani ndilo somo lenyewe." Akakuna kidevu. "Na sikuuliza, kwa sababu lilinipendeza."

Nilimpenda kwa neno hilo la mwisho. Wakubwa wachache wangelisema.

Siku ya mkutano mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu. Watu wa juu walijaa uwanjani. Nilisimama nikaeleza kosa langu mbele ya wote: raba nyeupe, haraka, peupe nilipopaona nikapakunja. Nikaichana ile manila. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja mwenye kahawa akasema makosa ya mtaalamu yasiwacheleweshe wengine, gari la wilaya linakuja kesho, na isitoshe hao wa Bondeni wako wapi? Mbona hawajaja kujitetea?

Kweli, hakuna hata mmoja aliyekuwepo.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba mkutano uhamie kijitoni."

Walinung'unika, lakini walikuja, miavuli kwapani, wazee na fimbo zao. Tulipofika, miti ya mkaratusi haikuonekana. Maji yalikuwa yameipita juu, mapana, yananguruma. Na ng'ambo, wamesimama kwenye tope kuanzia ukingoni mpaka juu kwenye migomba, walikuwa watu wa Bondeni. Wote. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani, kwa kuwa walikuwa wanakuja mkutanoni. Walikuwa wamesimama hapo tangu asubuhi.

Yule mzee wa kahawa alivua kofia.

Mkutano ulifanyika hivyohivyo, kijiji nusu huku nusu kule, mwenyekiti akipaza sauti na watu wa ng'ambo wakijibu kwa kelele. Tuliweka mawe badala ya punje; kila kaya ya Bondeni ilijitaja kutoka kule, nami nikaiwekea jiwe huku, nikasoma tena kwa sauti mpaka wakasema ndiyo. Zilikuwa hamsini na nne. Bibi alijitaja mwisho. Nikaweka jiwe lake.

"Na mzee!" akapiga kelele.

"Bibi, kaburi si kaya!"

"Mweke!"

Nikamweka. Jiwe dogo, kando ya lake.

Kisha mwenyekiti akaita kura. Karavati: mikono ya huku mingi, si yote. Kivuko: ng'ambo yote ikanyoosha, na huku wachache, wakaongezeka. Mwenyekiti mwenyewe mkono wake ulikuwa bado chini. Hapo Bibi alimpigia kelele kwa Kinyiha, sentensi moja ndefu ambayo mimi sikuielewa. Watu wa huku waliinamisha vichwa. Mwenyekiti aliangalia maji, akanyoosha mkono, na yule mzee wa kahawa akanyoosha wake. Nilimuuliza mwenyekiti baadaye Bibi alisema nini, akakataa kunitafsiria. Alinitafsiria wiki kadhaa baadaye tukiwa peke yetu: "Alisema, siku nikifa mvua ikinyesha, mtanizika kwa kunitazama kutoka huko?"

Pale wilayani kijana mmoja wa mipango aliishika manila mpya akauliza ile alama ndogo kando ya nyumba ya mwisho ni nini, mbona haina kaya. Nikamwambia ni mkazi wa siku nyingi, asiifute. Hakuifuta.

Kiangazi kilichofuata saruji na vyuma vililetwa, na watu walitoa mawe na mchanga kwa msaragambo, siku ya juu na siku ya Bondeni kwa zamu. Kina mama wa juu walipika, na nilimwona yule mzee wa kahawa akibeba mchanga, analalamika kila hatua, anarudi kuchukua mwingine. Karavati liliingia mwaka uliofuata. Kuku wangu niliamua abaki alipo. Nilipewa taarifa zake kila mara: ametaga, ameatamia, ametotoa. Sijui hata nina kuku wangapi.

Januari ya kwanza ya kivuko kipya, siku ya mvua kubwa kuliko zote za msimu, nikiwa ofisini nasikia bati linapigwa, mlango ukafunguliwa. Buti kubwa, zile zinazopiga kelele. Ni Bibi, ametoka zahanati, dawa zake kwenye mfuko wa nailoni. Mwavuli ulikuwa unachuruzika, lakini sketi ilikuwa kavu mpaka chini. Nilimwangalia sketi kabla sijamwangalia uso.

Nikamwekea chai. Akanywa akiangalia ukuta, nilikobandika nakala ya ramani mpya. Kusoma hajui, akaniuliza yeye yuko wapi. Nikashika kidole chake nikakiweka kwenye nyumba ya mwisho. Akakisogeza mwenyewe kidogo, kwenye ile alama.

"Na huyu ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mm," akasema. Mvua ikaongezeka, ikawa hatusikilizani kwa kelele za bati. Bibi akashtuka, akaweka kikombe, akasimama upesi akaokota mwavuli jinsi alivyofanya maisha yake yote. "Niwahi, mwanangu, kijito kitajaa."

Alifika mlangoni, mkono kwenye kitasa, akasimama. Nilimwona anakumbuka.

Akarudi, akaketi, akanisogezea kikombe.

"Ongeza chai," akasema.